Kisu Butu Ukutani Kwangu

Ninyi vijana mnaokuja kwangu kutazama visu, tabia zenu nazijua. Mnaingia, mnatupa shikamoo haraka kama watu wanaokimbia mvua, na macho yanapanda ukutani. Mnashusha kimoja, mnakipitisha kwenye vinyweleo vya mkono, vinyweleo vinaanguka, mnacheka. Mnashusha cha pili, vivyo hivyo. Kisha mnafika kwenye kile cha mpini uliopinda juu kama mkia wa paka aliyekasirika. Mnajaribu. Hakuna kitu. Hakikati hata ndizi mbivu. Hapo mnatazamana. Juzi mmoja wenu, simtaji kwa sababu mama yake ananisalimia vizuri, aliniambia, "Fundi, hiki umekisahau."

Sikukisahau. Na kwa kuwa kila mmoja wenu ananiuliza peke yake na mimi nachoka kurudia, nimeamua kuandika. Nilisoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo mtakapokuta sentensi imepinda kama mpini ule, pindeni nayo, mtafika.

Kazi yangu haikuwa visu. Kazi yangu ilikuwa misumeno. Nilikuwa mnoaji katika kiwanda cha mbao kule juu msituni, chini ya Mzee Yonathani. Mzee huyo alikuwa Mlutheri wa kweli, na alikuwa ananoa kwa kuimba. Kila jino la msumeno lilipata mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, tupa ikienda mbele kwenye neno zito na kurudi bila kugusa kwenye neno jepesi. Ndiyo maana meno yake yote yalitoka sawa. Mimi ni Mwislamu, baba yangu alinipeleka chuo kusoma Kurani, lakini hadi leo nikishika tupa midomo inaanza yenyewe nyimbo za Mzee Yonathani. Mke wangu Zaina hunichungulia dirishani na kuniuliza, "Athumani, leo umebatizwa?"

Miaka ile dukani kisu hakikuwepo. Hata wembe ulikuwa wa kujuana. Kwa hiyo msumeno wa mkanda ukikatika, sisi wanoaji tuligawana vipande, tukatengeneza visu vya nyumbani kwetu. Chuma kile ni kizuri kwa sababu kimeshatiwa matiko kiwandani, yaani kimepashwa moto na kupozwa kwa kipimo hadi kikawa kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Wewe unachotakiwa ni kukikata na kukinoa bila kukiharibu. Mimi cha kwanza nilikiharibu. Nilikibana kwenye jiwe la mashine kwa nguvu zote za ujana, kikatoa rangi ya majani makavu, kikaja kahawia, kikawa zambarau, kisha bluu nzuri kama kanga mpya. Nilikipenda. Nikampelekea Mzee Yonathani nikitegemea sifa.

"Kizuri," akasema. "Kitundike kaburini."

"Kwa nini, Mzee?"

"Si kimekufa? Bluu hiyo ndiyo roho inatoka. Makali hayo yatalala kama majani ya mgomba."

Nilimenyea muhogo mmoja, yakalala. Tangu hapo nanoa na kopo la maji pembeni, na chuma kikinichoma kidole nakitumbukiza. Kidole chako ndicho kipimo. Msivae glovu wakati wa kunoa, zitawaficha joto.

Jambo lingine alilonifunza niliona ni mzaha wakati ule. Nilipotengeneza kisu cha kwanza chenye uhai, nikampa shangazi yangu, nikajisifu kiwandani kwamba nimekwenda kumtembelea na kisu bado kinanyoa kama siku ile. Mzee Yonathani akacheka mpaka tupa ikaruka. "Basi hukumpa kisu, umempa picha. Fundi haulizwi kama kisu chake kinakata. Anaulizwa kimerudi mara ngapi kunolewa." Kwenda kumtazama shangazi vizuri, kweli, kisu kilikuwa kimetundikwa ukutani. Kwa kumenya alitumia kile chake cha zamani.

Sasa nitaje watu. Wapo wanaosema yaliyopita si ndwele. Hao vidole vyao vimetimia.

Msimamizi wetu aliitwa Mhando. Aliondoa kinga ya chuma kwenye mashine ya mkanda kwa sababu, alisema, inachelewesha kubadilisha msumeno. Mzee Yonathani alimwambia mbele yetu, "Bwana Mhando, hiyo kinga haikuwekwa kwa urembo." Mhando akajibu kwamba wazee wanapenda kusinzia. Siku ya nne mkanda ukakatika, ukaruka kama nyoka, ukaondoka na vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na cha pete. Katika ripoti Mhando aliandika "uzembe wa mfanyakazi". Maneno matatu. Mtu wa darasa la nne nami najua kuyasoma.

Haukupita muda mrefu ikaja ruksa. Kila mtu akaruhusiwa kuuza chochote, maduka yakajaa, na kiwanda kikafungwa, tukaambiwa tumepunguzwa, kama vile tulikuwa chumvi kwenye mchuzi. Mitambo ikauzwa kwa wenye uwezo. Ile mashine ya mkanda ikaonekana nyuma ya nyumba ya Mhando. Ipo hadi leo. Kinga haina hadi leo. Tukikutana sokoni ananiita "Fundi!" kwa sauti kubwa, na mimi namwamkia vizuri, kwa sababu amenizidi umri na shikamoo ni deni hata kwa mtu wa namna hiyo. Lakini nimemtaja.

Mama yangu alikuwa na maelezo yake. Alikuwa mtu wa Vuga, na katika nyumba yao kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Ukipokezana kisu, umekata undugu. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota. Aliposikia habari ya vidole aliuliza jambo moja tu.

"Huyo Mhando aliwahi kukupa kisu mkononi?"

"Mama, ni mkanda wa mashine."

"Nimekuuliza kisu."

"Labda. Kiwandani tunapokezana vitu siku nzima."

"Basi," akasema, na kesi kwake ikawa imekwisha.

Nilikaa nyumbani mwaka mzima sijui nifanye nini na mkono wenye vidole vitatu. Tupa ilinizunguka mkononi kama samaki. Siku moja mchana nilikuwa mezani na hasira zangu, nikakibana kipande cha bada, ule ugali wetu wa muhogo, cha jana, kilichokwisha kukaza. Nilipokiachia nikaona mkono wangu mzima umebaki pale: bonde la kidole gumba, mabonde mawili mengine, na mahali ambapo palikuwa hapana kidole, mlima. Nikakitazama muda mrefu. Kisha nikachukua kipande cha mwerezi, nikachonga mpini wa tupa kufuata kile kibonge, mlima kwa mlima, bonde kwa bonde. Tupa ikatulia. Nikaanza kuimba.

Hivyo ndivyo starehe yangu ilivyoanza, na ninaposema starehe nina maana hiyo. Shamba ndilo lililotulisha. Lakini mchana kazi ya shamba ikipoa nilikaa nyuma ya nyumba na jiliwa langu la kubania, nachukua vile visu vya nje vilivyojaa sokoni, vya mpini wa plastiki mwekundu, vinavyometameta wiki moja na kukata wiki hiyo hiyo. Nang'oa plastiki. Nanoa upya bapa, polepole, na kopo la maji. Natia mpini wa mwerezi, au pembe ya ng'ombe, au mpingo nikipata mtu anayepanda kutoka Mnazi, maana kule chini ndiko unakoota. Nakamilisha kwa mafuta ya nyonyo na nta. Kwa kila mpini nilianza na bada. Majirani walikuwa wanakuja kuubana ugali wa Zaina kwa zamu, wake kwa waume, na Zaina akawa anauliza, "Wanaokuja kula waje lini?"

Ndipo Mama alipokuja kukaa kwetu. Baridi yabisi ilikuwa imemshika vidole, vimevimba kwenye viungo na kulala upande kama tangawizi. Vuga alikuwa amebaki peke yake katika nyumba ambayo paa limeshaanza kukaa chini, na maji yako bondeni. Nilimleta kwa maneno mengi na nusu kwa nguvu. Zaina alimtunza kama yai. Alimkalisha kwenye mkeka juani, akamkataza kila kazi. Mama akawa anakula vijiko vitatu, anasukuma sahani.

Mwezi wa nne wa kukaa kwetu aliniita.

"Athumani. Mgeni siku ya tatu anapewa nini?"

"Jembe, Mama."

"Mimi hapa nimemaliza miezi mingapi? Sijapewa hata kisu. Kama siwezi kumenya ninachokula, nirudishe Vuga. Kule angalau nitakuwa mwenye nyumba."

Alikuwa hatanii. Kikapu chake alikwisha kukifunga kamba, kwa meno, maana vidole havikufunga. Nilijua akirudi Vuga hamalizi masika. Nikamwomba juma moja. Nikasema nitamtengenezea kisu.

Cha kwanza ni aibu yangu, lakini nitamtaja na Kaniki. Kaniki ni yule muuza mitumba aliyekuwa na kibanda karibu na soko, mwenye ulimi wa asali. Alikuwa amenihimiza nipake vanishi, wageni Wazungu wanapenda king'ae, nyumbani kwako patakuwa duka. Mimi nikasikia neno duka nikasahau neno Mama. Nikatengeneza mpini wa mpingo, nikaupaka vanishi tabaka tatu, unajiona uso. Nikauweka chini mbele yake. Zaina alikuwa ameloanisha ndizi. Mama akahangaika, akakipata kwa mikono miwili, akagusa ganda, mpini ukateleza kama sabuni, na kisu kikamkata kiganja.

Hakulia. Alinitazama mimi ninavyolia, akasema, "Wewe umetengeneza kisu cha kutazamwa."

Kaniki alikuwa na kosa lake, lakini brashi niliishika mimi. Mpini wa kazi haupakwi vanishi, sikilizeni. Unanyweshwa mafuta, mbao ibaki na pumzi yake, ikikutana na mkono wenye maji ishike.

Cha pili nilikifanya kwa heshima. Nilimwekea bada kiganjani, nikamfungia vidole vyangu juu ya vidole vyake, tukabana pamoja. Sikumbuki lini kabla ya hapo nilikuwa nimemshika mama yangu mkono muda mrefu namna ile. Kile kibonge kilitoka cha ajabu, kama jiwe lililoliwa na mto. Nilichonga siku tatu. Nilipomjaribisha mpini mtupu, kabla sijatia bapa, niliuweka kiganjani mwake na ukaingia kama mtoto mgongoni. Akatabasamu. Nikatia bapa, nikapiga ribiti za shaba, nikanywesha mafuta.

Nikakiweka chini, mbele ya mkeka. Sasa tazameni upumbavu wa fundi. Mama akashusha mkono, vidole vikakwaruza udongo. Kisu kimelala bapa, mpini umelala bapa, hapana pa kuingiza kidole. Akajaribu kutoka upande wa pili. Akakisukuma tu. Zaina, kwa huruma, akakiinua, akamnyooshea.

Mama akarudisha mkono nyuma kama ameona moto. "Usinipe mkononi! Unataka mimi na wewe tugombane?"

"Mama, ni mimi, Zaina."

"Ndiyo maana. Ungekuwa Mhando ningepokea."

Zaina akacheka na machozi yanamtoka. Mimi sikuweza kucheka. Siku mbili zilibaki, na Mama akamtuma Zaina aulize gari la kwenda Vuga linapita saa ngapi.

Nikapanda kwa Mzee Yonathani. Alikuwa haoni vizuri tena, anakaa nje na shali. Nikamwamkia kwa salamu ya kwetu ya mchana, "Onga mshi, Mzee," akaijua sauti. Nikampa kisu, namshukuru Mungu yeye hakuwa na miiko ya Vuga. Akakipapasa chote. Akarudia mpini mara mbili.

"Mkono wa mama yako umeupima vizuri," akasema. "Umepima anavyokishika. Hujapima anavyokiokota."

Maneno hayo tu. Nikashuka mlima nayasema kama wimbo.

Kesho yake sikushika tupa. Nilikaa ukumbini nikamtazama Mama siku nzima anaokota nini. Kikombe hakuokota. Kijiko kilichokuwa kwenye mkeka hakuokota. Lakini upawa, Zaina alipouweka juu ya kawa, Mama aliuchukua bila hata kuutazama, akakoroga maharage yaliyokuwa karibu yake. Nikasogea. Kwa nini upawa? Kwa sababu kifuu kinakaa chini na mpini unabaki juu hewani. Chini yake kidole kinapita.

Nikajua la kufanya: kupinda msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini, ili kisu kikilala, mpini usimame. Lakini msuka haupindi bila moto mwekundu, na moto ukitembea hadi kwenye bapa, ile bluu ya kaburini inarudi. Hapa ndipo nitawapa siri ambayo sijampa Kaniki. Kata gogo la mgomba mbichi. Lichome kisu, bapa lote lizame ndani, msuka tu ubaki nje. Mgomba umejaa maji. Moto ukijaribu kushuka unakutana na mto. Usiku ule ule nikavukuta makaa, nikalaza msuka, ukawa mwekundu, mgomba unalia tsss, nikaupinda kwa koleo taratibu hadi ukatazama juu. Nikachomoa bapa. Jeupe. Halikubadilika hata rangi ya majani makavu. Kisha nikachonga hadi kunakucha mpini mpya wa mwerezi juu ya mpindo ule kufuata kibonge kile kile cha bada, kilichokuwa kimeshaanza kupasuka na mchwa wamekionja.

Siku ya mwisho ya juma langu, asubuhi, kikapu cha Mama kilikuwa mlangoni. Nikakiweka kisu chini. Mpini ukabaki juu, umeinama kidogo kuelekea kwake, kama mtu anayeamkia. Mama akapitisha vidole chini yake, vile vya tangawizi, akakunja kiganja, akanyanyua.

Akakigeuza juani. Akamtazama Zaina.

"Unatazama nini? Lete ndizi."

Zaina alileta mkungu mzima wa ndizi bokoboko, kwa furaha akasahau tulikuwa watu wangapi. Mama alimenya. Polepole, ganda nene, nyama nyingi inapotea, mimi moyoni nasema potea tu. Mchana ule alikula akamaliza sahani, akatulaumu chumvi. Kikapu kilikaa mlangoni hadi jioni, kisha Zaina akakifungua akaweka vitunguu.

Wiki ya tatu nilikuwa nyuma ya nyumba, nikamsikia anakuja na fimbo yake. Akainama, akakiweka kile kisu chini mbele yangu.

"Hakikati," akasema kwa ukali.

Nikakiokota. Kilikuwa butu kweli, kimekula ndizi, mihogo, maboga, na nafikiri na kuni. Nimepata sifa nyingine maishani, lakini ile sijui niilinganishe na nini. Nikanoa nikiimba. Baada ya hapo kilirudi kila baada ya wiki tatu, wakati mwingine mbili, kila mara anakiweka chini, kila mara kwa ukali ule ule, "Hakikati," na mimi kila mara najifanya nimeudhika. Miaka sita hivyo. Watoto wetu walimenyewa kwa kisu hicho.

Alifariki msimu wa mapeasi, alilala akapumzika. Tulipomaliza matanga Zaina aliniletea kikapu chake. Ndani kulikuwa na mtandio, tasbihi, na kisu, kimefungwa kitambaa. Utomvu wa ndizi ulikuwa umekauka mweusi kwenye bapa. Nikakipitisha kwenye vinyweleo vya mkono. Hakuna kitu.

Alikuwa hajapata nafasi ya kuniwekea chini.

Mhando alikuja kutoa pole, na sikumwonyesha. Kaniki alikuja, akasema mpini wa namna ile Wazungu wangeupenda, nikampa chai akaondoka. Hakuna mkono mwingine unaouingia. Nimejaribu wangu, Zaina amejaribu wake. Nanoa kila kisu cha nyumba hii na vya jirani, lakini hicho nakipangusa mafuta ili kisishike kutu, nakirudisha msumarini vilevile kilivyo.

Kwa hiyo mkija, kishusheni, mkitazame mnavyotaka, hata mcheke. Mkimaliza msininyooshee mkononi. Kiwekeni chini. Nitakiokota mwenyewe.